Hesabu ya Wafu ni Haki ya Walio Hai



Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati nyingi za nchi yetu, taa ya chumba cha muuguzi huchelewa kuzimwa. Wagonjwa wamekwisha kwenda zao na mlango wa chumba cha sindano umefungwa, lakini muuguzi bado ameinama mezani. Mbele yake yamepangwa madaftari makubwa, na kidole chake kinapita mstari kwa mstari: wangapi waliougua malaria, wangapi kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wangapi waliojifungua, na wangapi hawakurudi nyumbani. Jumla anayoipata hupelekwa wilayani, kutoka wilayani huenda mkoani, na kutoka mkoani hufika Wizarani.

Huenda msomaji wetu akajiuliza: Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na madaftari ya hospitali? Je, hayapo mambo mazito zaidi, kama vile ardhi inayoporwa, wajane wanaonyang'anywa mashamba na vijana wasio na kazi? Mambo hayo yapo, nasi hatujayasahau. Hata hivyo, katika toleo hili tumeona yafaa tuliseme jambo hili, kwa kuwa tumekwisha kushuhudia kwamba mtu anaweza kunyimwa haki yake kwa kalamu tu, pasipo mtu yeyote kuinua mkono juu yake.

Mama asiyekuwamo katika kitabu chochote

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiitumikia kamati ya hospitali moja ya Kanisa, aliletwa pale mama mmoja aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa nne katika zahanati ya kijiji. Baada ya kujifungua alianza kutokwa damu nyingi. Mkunga alifanya yote aliyoyaweza, kisha akaandika barua ya rufaa. Gari la wagonjwa halikuwapo, wanakijiji wakaazima gari la mfanyabiashara wa mahindi, nao wakasafiri usiku katika barabara iliyoharibiwa na mvua. Mama yule alifika hospitalini akiwa bado anapumua, akafariki dunia kabla hajapata chupa ya kwanza ya damu.

Katika zahanati, daftari lilisema: amepewa rufaa. Hilo lilikuwa kweli, na kwa zahanati habari ikaishia hapo. Katika hospitali, daftari lilisema: ameletwa akiwa amekwisha kufariki. Hilo halikuwa kweli. Liliandikwa hivyo ili kifo kile kisihesabiwe kuwa ni cha wodi ya wazazi, kwa maana mwaka ule vifo vilikuwa vimezidi, na kila kifo kilileta maswali kutoka wilayani. Basi mama yule alikufa, akazikwa, akaliliwa, lakini katika hesabu ya Taifa hakufa mahali popote. Hakuwamo katika hesabu ya zahanati wala ya hospitali.

Taarifa ya robo mwaka iliposomwa mbele ya kamati, wodi ya wazazi ilionekana kuwa safi. Tulipongeza. Baadhi yetu tulikuwa tumehudhuria mazishi ya mama yule, tukajua kwamba hesabu ile haikuwa sawa, nasi tulinyamaza. Hatukutaka kuwatia taabuni watumishi waliochoka, wala kuliaibisha jina la hospitali yetu. Mwaka uliofuata tuliomba jokofu la kuhifadhia damu na gari la wagonjwa. Tuliulizwa kwa upole: hitaji hilo linaonekana wapi katika taarifa zenu? Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu tulikuwa tumelifuta kwa mkono wetu wenyewe.

Tunalisimulia jambo hili kama ungamo. Asiyekubali kosa lake mwenyewe hafai kuisemea haki mbele ya wengine.

Serikali inataka nini?

Yafaa kwanza tueleze utaratibu wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunauona kwa mbali tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilianza kuusambaza Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wote huujua kwa kifupi chake, MTUHA. Kabla ya hapo kila mradi na kila mfadhili alikuwa na fomu yake. Mtumishi mmoja aliweza kuandika habari ya mtoto mmoja katika karatasi nne tofauti. MTUHA ulileta mfululizo wa vitabu vyenye namba, vinavyofanana nchi nzima: kitabu cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha wazazi, cha dawa, na kadhalika. Utaratibu huo unavihusu vituo vyote, vile vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi.

Kufikia mwaka 2013 hatua nyingine ilikuwa imepigwa nchi nzima: hesabu zinazotoka katika vitabu huingizwa katika kompyuta, kwa programu iitwayo DHIS2, ambayo siku hizi hutumiwa na nchi nyingi za Afrika na Asia. Asili ya programu hiyo yatufaa sisi wa Haki na Amani kuijua. Ilianzia Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 uliokomesha utawala wa ubaguzi wa rangi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway. Wananchi waliokuwa wametengwa kwa miaka mingi walihitaji kwanza kujulikana walipo na wanachokosa, ndipo mgawanyo mpya wa huduma uweze kupangwa. Hesabu ilikuwa hatua ya kwanza ya kurudisha haki.

Yapo pia mambo ambayo hayasubiri mwisho wa mwezi. Kipindupindu na magonjwa mengine ya mlipuko lazima yatolewe taarifa ndani ya saa 24. Kifo cha mama kutokana na uzazi hutakiwa kutolewa taarifa haraka, kisha kujadiliwa na kamati maalumu ili ijulikane ni kitu gani kingaliweza kukizuia. Miongozo yenyewe husema kwamba mjadala huo si wa kumtafuta mtu wa kumlaumu. Tutalirudia neno hilo baadaye, maana ndilo kiini cha tatizo.

Kuhesabu kwa namna mbili

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha kuhesabu kwa namna mbili. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake ili ajue ana wanaume wangapi wa kushika upanga, na jambo lile likahesabiwa kwake kuwa dhambi. Hakuuliza nani mgonjwa na nani mjane. Aliuliza nguvu yake mwenyewe ni kiasi gani. Lakini yuko pia mchungaji wa mfano wa Bwana wetu, mwenye kondoo mia. Wengi tumehubiri juu ya upendo wake wa kwenda nyikani kumtafuta mmoja aliyepotea. Mara chache tumejiuliza: alijuaje kuwa mmoja hayupo? Alijua kwa sababu alihesabu. Kama angeridhika kusema tu kwamba zizi linaonekana limejaa, kondoo yule angeliwa na fisi, na mchungaji angelala usingizi mzuri.

Bwana wetu mwenyewe alizaliwa wakati wazazi wake walipokuwa safarini kwenda kuandikishwa, kwa amri ya Kaisari. Hakuidharau orodha ya wanadamu. Lakini Injili za utoto wake zinatueleza pia habari za Herode, aliyetaka kujua mahali alipo mtoto na wakati alipozaliwa, si kwa ajili ya kumtunza bali kwa ajili ya kumwangamiza. Basi tangu mwanzo tunaonywa: habari ile ile inaweza kuwa mkononi mwa mchungaji au mkononi mwa Herode. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa mkato kwamba kutoa taarifa ni jambo jema au jambo baya. Lazima tuulize: zinatolewa kwa ukweli? Zinatumika kwa ajili ya nani? Na zinalindwa vipi?

Faida ya hesabu ya kweli haihitaji ushahidi mgeni, lakini upo mmoja wa kale ambao kila mkunga angefaa kuujua. Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, huko Austria, palikuwa na wodi mbili za wazazi. Mwaka 1846, katika wodi ya kwanza, iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, walikufa akina mama wapatao 11 kati ya kila 100. Katika wodi ya pili, iliyohudumiwa na wakunga, hawakufika watatu kati ya 100. Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, alizilinganisha hesabu hizo zilizokuwa zimeandikwa katika vitabu vya hospitali, akatafuta sababu. Aligundua kwamba madaktari walitoka kuchunguza maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mwezi Mei 1847 aliwaagiza kunawa mikono kwa maji yenye klorini, na katika miezi iliyofuata vifo katika wodi ile vikashuka hadi karibu wawili kati ya 100. Wakubwa wengi wa taaluma yake walikataa kumsadiki, kwa kuwa hesabu zile ziliwashtaki wao wenyewe. Tunaona hapa mambo mawili kwa pamoja: hesabu inaweza kuokoa maisha, na kiburi kinaweza kuikataa hesabu.

Kwa nini isitoshe hesabu ya Taifa?

Wapo wanaosema: Serikali inafanya uchunguzi wake kila baada ya miaka kadhaa, na wataalamu wanajua hali ya nchi, kwa nini kumtesa muuguzi wa kijijini kwa madaftari? Ni kweli, uchunguzi huo upo na una thamani kubwa. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Tunamshukuru Mungu, na tunawapongeza wote waliochangia kushuka huko.

Lakini makadirio hayo hupatikana kwa kuzipitia kaya zilizochaguliwa na kuwauliza wanawake habari zao na za ndugu zao. Yanaweza kutuambia hali ya nchi. Hayawezi kutuambia ni katika kata gani akina mama wanakufa, ni zahanati ipi iliyokosa dawa ya kuzuia damu mwezi uliopita, au ni barabara ipi inayoua. Hilo linajulikana kwa daftari tu. Na haki, ndugu wapendwa, haipimwi kwa wastani. Mama wa kijiji kimoja hafarijiki kwa kuwa nchi kwa jumla inaendelea vizuri. Mchungaji hakusema kwamba 99 kati ya 100 ni kiwango cha kuridhisha.

Wajibu wa hospitali zetu

Tuanze na nyumba yetu wenyewe. Kanisa nchini lina hospitali, vituo vya afya na zahanati nyingi, hasa vijijini. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa waliandikiana hati ya maelewano juu ya huduma za jamii, na kutokana nayo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Baadhi ya hospitali zetu ni hospitali teule za wilaya. Zinapokea ruzuku na watumishi wanaolipwa kwa fedha za umma. Kwa mantiki hiyo haifai hata kidogo mtu kusema kwamba hospitali hii ni ya Jimbo, kwa hiyo mambo yake hayaihusu Serikali. Anayepokea kwa niaba ya wananchi hana budi kutoa hesabu kwa wananchi. Hata kama tusingepokea senti moja, mgonjwa wa hospitali ya Kanisa ni raia kama yule wa hospitali ya Serikali, na ugonjwa wa kuambukiza hauulizi ubatizo.

Tunayajua malalamiko ya watumishi, nayo ni ya haki. Muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima, na bado anatakiwa kuandika. Fomu za miradi zimeanza kurudi kwa mlango wa nyuma, kila mradi na fomu yake, kana kwamba MTUHA haukuwahi kuanzishwa. Vitabu huisha katikati ya mwaka, na mistari ikachorwa kwa rula katika madaftari ya shule. Katika hali hiyo, wengine hujaza daftari usiku wa mwisho wa mwezi kwa kukisia, wakiyatazama ya mwezi uliopita. Hatuwezi kuliita jambo hilo uchovu tu. Dawa huagizwa kwa kufuata hesabu hizo. Chanjo hupangwa kwa kufuata hesabu hizo. Anayekisia idadi ya watoto anakisia pia idadi ya chupa za dawa watakazopata. Lakini dhambi hiyo haimwangukii muuguzi peke yake. Msimamizi asiyempatia msaidizi wa kuandika, na kamati inayoajiri mlinzi wa maua kabla ya karani wa takwimu, watajibu pamoja naye.

Liko pia jaribu la fedha. Mahali ambapo malipo ya kituo yanategemea idadi ya waliohudumiwa, kalamu huanza kuwaona wagonjwa ambao macho hayakuwaona. Kuongeza wagonjwa hewa ni wizi. Kupunguza wafu ni uongo. Yote mawili yanakatazwa na Amri za Mungu, wala hakuna kifungu kinachoziondolea hospitali za Kanisa wajibu huo.

Wajibu wa Serikali

Sasa, kwa heshima ile ile na kwa ukweli ule ule, tuseme na Serikali. Anayedai taarifa naye anadaiwa.

Kwanza, anadaiwa kutomwadhibu msema kweli. Tulisema hapo juu kwamba mjadala wa kifo cha mama si wa kumtafuta wa kumlaumu. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Lakini mtumishi anapoona kwamba, kila mara kifo kinapotolewa taarifa, simu ya kwanza kutoka juu huuliza nani alikuwa zamu, naye huja kuhamishwa au kusimamishwa kazi kabla sababu hazijajulikana, atajifunza haraka sana kuandika kwamba mgonjwa aliletwa akiwa amekwisha kufariki. Uzembe wa kweli uadhibiwe, na kwa utaratibu wa haki. Lakini kosa la kukosekana kwa damu, gari au dawa lisitwishwe mkunga kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Pili, anadaiwa kutozificha hesabu zinapokuwa chungu. Tunakumbuka kipindi cha korona. Tangu Mei 2020 hesabu za Taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikusogea, ilhali kengele za misiba hazikusimama. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwatahadharisha waamini juu ya ugonjwa huo. Mwezi Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza mbele ya waandishi wa habari kwamba katika muda wa miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista 60, wakiwa na matatizo ya kupumua. Kanisa liliwahesabu wafu wake kwa kuwa liliwajua kwa majina. Wakulima, wauza samaki na madereva waliofariki wakati ule, nani aliwahesabu? Katikati ya mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, takwimu zilianza kutolewa tena, na jambo hilo tulilipokea kwa shukrani.

Tunakumbuka pia kwamba mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kuwa kosa la jinai mtu kutangaza takwimu zinazopingana na zile za Serikali, na kwamba mwaka 2019 Bunge liliilegeza. Somo lake lisisahaulike. Katiba yetu, katika Ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha yake. Kwa mwananchi wa kawaida, tukio gani ni muhimu kuliko ugonjwa unaoua jirani zake?

Wala uwazi hauleti hofu kama inavyodhaniwa. Mwezi Machi 2023, huko Mkoa wa Kagera, zilitolewa taarifa za watu wachache waliokufa kwa ugonjwa usiojulikana. Haukupita muda, Serikali ikatangaza wazi kwamba ni ugonjwa wa Marburg. Waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6, akiwamo mtumishi wa afya. Na mwanzoni mwa Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Ugonjwa huo ni wa kutisha, na kila aliyepotea alikuwa mtoto wa mtu. Lakini wale ambao hawakuambukizwa, hawatajua kamwe kwamba waliokolewa na mtu aliyeandika na mtu aliyetangaza.

Tatu, Serikali inadaiwa kurudisha. Kwa miaka mingi taarifa zimekuwa kama mto unaoshuka tu, usiorudi kamwe kuwa mvua. Zinatoka zahanati, zinakwenda wilayani, na zahanati haisikii neno tena isipokuwa pale zilipochelewa. Muuguzi anayeona kwamba taarifa yake ya Machi ilileta dawa mwezi Juni ataandika ya Julai kwa uangalifu. Asiyeona kitu ataandika lolote.

Siri ya mgonjwa

Neno moja la tahadhari. Hesabu ni ya umma; jina ni la mgonjwa. Wizara inahitaji kujua ni watu wangapi katika wilaya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Haina haja, wala kijiji hakina haja, kujua kwamba fulani wa nyumba fulani ni mmoja wao. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Pamoja na hayo, tumeona madaftari yakiwa wazi dirishani, na vijana wa mradi wakiyapiga picha kwa simu. Sisi mapadre tunajua uzito wa siri. Mtumishi wa afya naye amekabidhiwa siri, na ndoa kadhaa zimevunjika, na watoto kadhaa wamechekwa shuleni, kwa sababu ya daftari lililoachwa wazi. Daftari lisilolindwa limekwisha kupita kutoka mkono wa mchungaji kwenda mkono wa Herode.

Tufanye nini?

Papa Yohane wa XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alizitaja huduma za matibabu kati ya haki za msingi za kila binadamu. Haki haijilindi yenyewe. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei wafanye mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha wala kibali.

Wale walio wajumbe wa kamati za zahanati na vituo vya afya, na wa bodi za hospitali, waache kupokea taarifa kwa makofi. Waulize: hesabu hii imetoka katika kitabu gani? Mwezi huu, je, tumezika mama au mtoto mchanga ambaye hamo humu? Waulize kwa upole wa ndugu, si kwa ukali wa mpelelezi, na wawe tayari kumsimamia mtumishi aliyesema kweli anapotishwa.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tuwakumbuke akina mama wanaojifungulia nyumbani na watoto wanaozikwa kabla ya kupewa jina. Hao hawafiki katika kitabu chochote cha hospitali. Mtu wa jumuiya apeleke habari zao kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na familia isaidiwe kuandikisha vizazi na vifo. Katika mkutano mkuu wa kijiji, tuombe mganga wa zahanati asome hesabu za miezi mitatu mbele ya watu: magonjwa gani yameongezeka, dawa gani zilikosekana, kwa siku ngapi. Majina yasitajwe. Ni haki yetu kuzisikia hesabu hizo, maana zimetoka katika miili yetu.

Nasi tulio katika uongozi wa Kanisa tukubali kuwa wa kwanza. Hospitali zetu zijulikane kwa kuandika kweli hata pale inapotuumiza, ili tunapoinyoshea Serikali kidole, mkono wetu usiwe na wino wa uongo.

Hivi karibuni tulipita tena karibu na kijiji cha mama yule. Mtoto aliyemwacha anasoma, na bibi yake anamlea. Siku moja atakua, naye atauliza mama yake alikufa wapi na kwa nini. Bibi atamjibu kadiri anavyokumbuka. Akienda zahanati, ataambiwa alipewa rufaa. Akienda hospitali, ataambiwa hakufika akiwa hai. Sisi tuliokuwa katika kamati ile tunajua jibu, na leo tumeliandika hapa, tukiwa tumechelewa. Tunaomba kwamba katika parokia yenu asiwepo mtoto atakayelazimika kusubiri kiasi hicho ili aupate ukweli juu ya mama yake.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.